Kisima Kilichobaki Cheupe

Restuta alipoanza kazi katika maabara ile ya Ifakara, mwanamke aliyemfundisha alimtia hofu. Aliinamia sahani ya vipimo akinong'ona, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyelala, na vidole vyake vyembamba havikutetemeka kamwe. Walipima protini ambazo mwili huzituma kupiga mbiu ya maradhi. Zikijaa kwenye damu, huizuia rangi isishike, na kisima, yaani kitundu kidogo cha sahani kinachotiwa damu, hubaki cheupe. Kila kilichobaki cheupe, mwanamke yule alikiambia, "Pole." Mchana mmoja, wingu zito likiwa limetanda juu ya mto Lumemo, alikiangalia kimoja asiseme kitu.

"Dada, hicho si cha mgonjwa," Restuta alisema. "Hiyo ni damu yetu wafanyakazi, ya kulinganishia."

"Ni yangu. Nimerudia tangu asubuhi, haishiki rangi." Akavua glavu, akauvuta mkono wa Restuta hadi kwenye paji lake. "Nina homa?"

"Huna, dada. Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Mwili wangu unapiga kelele, na mimi mwenyewe siusikii." Akavua koti, wakatoka pamoja kwenda kwa daktari.