Watasema na Uji wa Dona

Iko siku moja naikumbuka kwa aibu, mwanangu, nawe usicheke mapema. Nilikuwa na shamba langu la kwanza la mahindi kule Maramba, na mbwa mmoja wa kulilinda. Nilimwita Watasema, kwa ajili ya majirani waliodai msichana asiye na mume hawezi kulima peke yake.

Enzi hizo tuliamini kuwa mbwa akishiba hulala, mwenye njaa ndiye mkali. Basi nikamnyima. Alipata ukoko wa ugali mara moja kwa siku, tena akibahatika. Asubuhi ile nyani waliingia kung'oa miche. Watasema alijaribu kusimama, miguu ikamtetemeka, akalala tena. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani. Nyani wakamaliza mistari miwili huku wakinitazama bila haya.

Nililia, mwanangu. Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa: nikasonga sufuria zima la ugali, nikaumwagia mafuta, nikamtengea wote. Akabugia, akatapika, akalala kama maiti.

Hapo akapita jirani yangu Bi Zuhura akitoka kisimani. Yule alikuwa mama wa swala tano, mbwa hamgusi. Akatua ndoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. We mwana, wataka kumuua mara mbili? Tumbo lililosinyaa halijazwi kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba! Nenda kwa bwana mifugo ukachukue dawa ya minyoo. Kisha mpe uji wa dona, unga usiokobolewa, kidogo kidogo, asubuhi, mchana na jioni, utwangie dagaa ndani yake."

"Lakini bibi, akishiba atalinda kweli?"

"Wewe walima na njaa?"

Nikaenda kwa bwana mifugo kuchukua dawa, na jioni nikakoroga uji. Kesho yake Bi Zuhura akaniletea vichwa vya samaki, kavichemsha hadi mifupa imelainika, akaviweka juu ya jani la mgomba mbali na nguo zake. "Simgusi," akasema, "lakini kiumbe ni kiumbe."

Baada ya siku chache mkia ulianza kuchezacheza. Baadaye mbavu zikajificha, manyoya yakang'aa. Mahindi yalipofika ya kuchoma, nyani wakarudi wakitembea kama wenye shamba. Lahaula! Watasema aliwatimua mbio, dume lao likatupa hindi na kukimbia likipiga kelele. Nikapiga vigelegele, Bi Zuhura akaniitikia ng'ambo ya ua. Msimu ule nilivuna hadi nikaazima magunia, tena kwa walewale waliosema.

Mwanangu, mnyama wako akikonda, usimshindilie chakula kwa sababu ya majuto yako. Mtibu minyoo, mlishe kidogo mara nyingi, usubiri. Na anayekulindia chako, awe mbwa awe mtu, mshibishe kabla hujamdai kazi. Mungu akujaalie ghala lisiloishiwa, na mlangoni pako asilale mwenye njaa.