Bastola Mbili na Mtani Mmoja

Nina bastola mbili, na kama hilo linakukera, kereka tu. Zote mbili zinajipakia zenyewe: ukivuta triga risasi inatoka, ganda tupu linaruka kulia, na risasi nyingine inapanda mahali pake kabla hujapepesa macho. Kubwa ni ya milimita tisa, nyeusi, nzito, imekaa mkononi mwangu utadhani fundi alinipima kwanza. Ndogo ina mtutu mrefu na mpini wa mbao. Hiyo ndiyo niliyojifunzia, na mpaka leo nikiifuta kwa kitambaa cha mafuta natabasamu peke yangu, hata kama siku imekuwa mbaya kazini.

Kazini ni maabara ya hospitali. Kutwa nachungulia damu za watu. Mwenzangu wa maabara ndiye aliyenipeleka klabu ya shabaha mara ya kwanza, mimi na mume wangu tukiwa na miaka mitatu tu Toronto, Kanada. Nilitegemea kukuta wahuni. Nikakuta wastaafu wenye miwani minene, wanakunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi na kulalamikia magoti. Nilipiga risasi tano, moja ikaingia kwenye duara jeusi, basi, nikarudi nyumbani Etobicoke nimeshapotea.

Watu hudhani mlengaji anaangalia shabaha. Hapana. Shabaha unaiacha iwe ukungu. Macho yote yanakaa kwenye kile kidoti cha mbele, juu ya ncha ya mtutu, mpaka ukione hadi mikwaruzo yake. Mkono unashika juu kabisa ya mpini, mwingine unauzunguka, unapumua, unaacha, halafu kidole kinavuta triga moja kwa moja kuja nyuma, polepole, bila haraka ya kufika. Mlio unatakiwa ukukute hujui utatoka lini. Ukishajua, umeharibu.

Watanzania wa hapa sikuwaambia. Wee, niwaambie ili iweje? Kesho yake ungesikia nimejiunga na jeshi, keshokutwa nimeua. Waliojua walikuwa wawili tu: mume wangu, na mtani wangu.

Mimi ni Mpare, yeye ni Mchaga, na kwa kawaida ya kwetu hiyo ni ruhusa ya kutukanana mpaka kufa. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya wageni wako na huruhusiwi kununa. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Alikuwa akiishi mtaa wa Parkdale na watoto wake wawili, akifanya kazi ya zamu kwenye ofisi moja, na alipokuwa na zamu za Jumapili aliniletea hao watoto nikae nao. Wananiita shangazi, nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, tunaelewana. Mama yao akija kuwachukua hasalimii. Anaanzia mlangoni: "Mpare wewe, umewalisha au umewafungulia kesi?" Wapare hutaniwa kwa kupenda kesi, Wachaga kwa ndizi; nami namjibu kwamba ndizi zimempanda kichwani.

Siku niliyomwonyesha bastola alikaa kitandani kwangu akashika mdomo. Nilikuwa nimezitoa kwenye sefu, tupu, kila moja na kufuli lake kwenye triga. "Jamani! Mpare na bastola! Si tutakwisha?" Akacheka mpaka machozi. Halafu akasema, "Siku moja nitakuripoti polisi, wakuchukue na makufuli yako." Nikacheka na mimi. Ulikuwa utani, ungekuwa nini tena?

Leseni inadumu miaka mitano. Ile ya kwanza jina la mtani wangu liliandikwa kama mtu anayenifahamu, na mume wangu alisaini pale panapotakiwa saini ya mwenzi. Alisaini, ndiyo, lakini alinuna siku tatu. Ulipofika wakati wa kuomba upya, mwaka 2011, wiki hiyo hiyo alikuwa ameniuliza mezani, "Hivi haya mambo ya bastola ni mpaka lini?" Nikajiambia, huyu hatasaini. Na damu yangu unavyoijua, au kama huijui basi ijue sasa: nikampigie magoti mume wangu kwa kitu changu mwenyewe, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza? Ah wapi. Kile kisanduku cha saini kwenye fomu nikakiacha tupu, nikaibandika bahasha, nikaituma.

Wiki kadhaa baadaye simu ikaita nikiwa maabara. Mwanamke, sauti ya upole mno, akasema anatoka ofisi ya leseni. Je, nyumbani kwangu kuna amani? Tumewahi kutengana? Kuna mtu yeyote anayeniogopa? Nikamuuliza nani amewaambia mambo hayo. Akasema ni maswali ya kawaida, ombi langu bado linaangaliwa. Nilikata simu. Leseni ikiisha kabla ya kupata mpya, bastola hazikai kwangu hata siku moja. Zingeondoka.

Na hapo hapo nikaisikia ile sauti: siku moja nitakuripoti.

Mtu akishaanza kushuku, loo, ushahidi haukosekani. Nilikumbuka kwamba Jumapili iliyopita mtani wangu aliniuliza, "Vile vitu vyako bado unavyo?" Kwa nini aulize? Nilikumbuka kwamba alikuja kuwachukua watoto mapema, na kwamba hakuvua koti. Nikampigia simu kumpima, akasema yuko kwenye mazungumzo mengine, atanipigia. Mazungumzo na nani? Alipopiga sikupokea. Watoto alipotaka kuwaleta nikasema naumwa. Hata mume wangu nilimwangalia kwa jicho la pembeni, akila wali wake kimya, lakini yeye sikumtilia maanani. Mchawi wangu nilikuwa nimeshampata.

Klabu nako mambo yakaharibika. Matundu yangu yote yakawa yanaingia chini kushoto, chini kushoto, kana kwamba kuna mtu ananisukuma kiwiko. Nikasema bastola imeguswa. Nikakagua skrubu za kulengea, nikanusa mpini, nikahesabu alama za kurekebishia shabaha. Mwalimu wa klabu, mzee wa Kifilipino aliyekuwa mchomeleaji, akaniambia nimpe magazini, kile kikasha cha risasi, aipakie yeye, na nisitazame. Nikalenga. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu nikavuta triga, ikasema tik, hakuna mlio. Alikuwa amechomeka risasi bandia katikati ya zile za kweli. Lakini mtutu wangu ulikuwa umeshazama chini kushoto, mzima mzima, mbele ya macho yangu na yake.

"Bastola haina kosa," mzee akasema. "Unapigana na kishindo ambacho hakijaja."

Nilimkasirikia hata yeye. Nikasema mkono umechoka, nikafungasha.

Desemba kukawa na sherehe ya Watanzania, ukumbi wa kanisa huko North York, pilau, watoto wanakimbizana, makoti yamerundikwa kama mlima. Mtani wangu aliniona kutoka mbali akapaza sauti, mbele ya watu, "Mpare kaja! Wekeni simu zenu mfukoni, asije akazishitaki!" Watu wakacheka.

Nikamwambia, "Wewe ndiye wa kuweka simu mfukoni. Si ndiyo unayotumia kunichongea? Kama una wivu na maisha yangu, sema. Usijifiche nyuma ya utani."

Alikuwa ameshika sahani. Aliniangalia akingoja nicheke. Sikucheka. "Mimi?" akasema, hilo tu. Akaweka sahani chini, akawaita watoto wake, wakatafuta makoti yao kwenye ule mlima, ikachukua muda mrefu, na hakuna aliyewasaidia. Nami nikala pilau. Nilikula yote, nikaona nimemkomesha.

Leseni ilikuja kwa posta mwezi uliofuata. Niliipeperusha sebuleni. "Umbea wao haukufua dafu!"

"Umbea wa nani?" mume wangu akauliza.

"Wa yule Mchaga. Aliyewapigia ofisi ya leseni."

Akanitazama kama mtu anayetazama ufa ukutani. "Hakuna aliyewapigia. Wao ndio walinipigia mimi, kwa sababu fomu haikuwa na saini yangu. Ikikosa saini ni lazima waulize. Nikawaambia sina pingamizi, sikuletewa tu."

"Na hukuniambia?"

"Nilingoja uniambie wewe kwa nini hukuniletea."

Nilikaa chini. Aibu iliniingia mpaka kwenye kucha. Kisanduku nilikiacha mimi, simu niliisababisha mimi, halafu nikamvunjia heshima mtu mbele ya sahani za watu.

Jumamosi hiyo sikwenda klabu. Nilipanda basi hadi Parkdale, kwa mtani wangu. Mtoto wake mdogo alifungua mlango, akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba ni shangazi, halafu akaenda zake chumbani. Mtani wangu akatoka jikoni akifuta mikono.

"Karibu, dada," akasema. "Habari za nyumbani?"

Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza habari za nyumbani. Akanipa kiti, akanipa chai, akauliza kama sukari inatosha. Nikamweleza yote, kisanduku, simu, saini. Nikamwomba msamaha. Nililia, sikuficha.

"Yameisha, dada," akasema. "Mimi pia walinipigia. Jina langu lilikuwa kwenye karatasi zako za zamani. Wakaniuliza kama naweza kukuachia watoto wangu. Nikawaambia nakuachia kila wakati, na watoto ndio wanaokutesa wewe. Yule mama wa ofisi ya leseni akacheka. Ndiyo maana nilikuuliza vile vitu bado unavyo. Nilitaka kukusimulia tucheke, lakini ukaacha kupokea simu."

Chai ilikuwa imepoa. Nikajaribu, Mungu ananiona, nikajaribu kuturudisha pale tulipokuwa. "Haya basi, Mchaga wewe, niripoti sasa. Si uliniahidi? Sema Mpare amekuja kuiba vijiko."

Nikamngoja. Alikuwa anakusanya vikombe, akaniangalia kwa upole kabisa, upole wa mtu anayemhudumia mgeni.

"Hapana, dada," akasema. "Mimi siwezi kukusema vibaya."

Akanisindikiza mpaka kwenye lifti, akanibonyezea kitufe, na akaniambia nimsalimie shemeji.