Koja la Asumini na Mvua ya Redio

Redio ile niliichukia kabla sijaikaribia. Ilikuwa ya baba yake msichana mmoja aliyehamia kwetu Likoni kutoka ng'ambo, kisiwani Mombasa, siku zile watu walipokuwa wakiutaja uhuru kama wanaotaja sikukuu iliyobakisha mwandamo wa mwezi. Baba mtu alifungua duka kando ya njia ya kivukoni, akaiweka redio kwenye rafu kati ya majani ya chai na sabuni za mche, na waya wake akaupandisha mpaka kileleni mwa mnazi. Jioni baraza la duka lilijaa watu. Mie nilipita njia ya nyuma, ya kwenye mihogo, nisije nikaonekana nimesimama kusikiliza.

Kisa ni shoga yangu.

Nyumba yao na yetu zilitengwa na ua wa makuti, tena wenye tundu la kupitia. Chuoni, tukisoma Kurani, tulikaa mkeka mmoja, skuli tuliingia pamoja na tukatolewa pamoja, darasa la nne. Doti ya kanga ikiingia kwao au kwetu, tuliikata: kipande chake, kipande changu. Tukienda kisimani watu walisema, "Haya, doti hiyo inapita." Na mimi kichwa changu hakijawahi kukosa ndoto. Nilishaota kwamba tutaolewa na ndugu wawili, tukae nyumba moja yenye milango miwili, tupikiane zamu, na waume zetu wakigombana sisi tuwe tunachekea jikoni.

Basi siku moja akatoka na kanga mpya, nyekundu, yenye michoro ya korosho nyeusi. Nikasubiri kipande changu. Nikasubiri mpaka alasiri. Nilipotumwa chumvi nikakiona: kipande changu kimesimama mlangoni pa duka, na ndani yake yumo yule msichana wa redio.

"Karibu, mwenzangu," akaniambia.

Nikarudi bila chumvi. Nikamwambia mama imekwisha.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuhesabu. Wamecheka mara ngapi, nani kaanza, kwa nini wamenyamaza nilipoingia. Shoga yangu hakubadilika kitu, na hilo ndilo lililoniuma. Angenichukia kidogo ningepata la kusema.

Kisha ikaja posa yake, kutoka Malindi. Arusi ikapangwa Jumamosi. Pale mtaani kwetu, bi arusi akitolewa wanawake wamtazame, koja la asumini la shingoni mwake hutungwa na shoga yake, kwa maua aliyoyachuma kwa mkono wake alasiri ile ile. Somo, yule mama anayemfunda, haligusi. Mama mzazi haligusi. Mwasumini wa nyanya yangu ulikuwa ndio mkubwa kuliko yote upande ule, na wiki ile ulikuwa umejaa vitumba mpaka matawi yameinama. Nikasema moyoni, kanga wamekatiana, sawa. Koja ni langu. Siku hiyo watu wataona nani ni nani.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana tukasikia hodi. Ni yule wa redio, anahema, kanga imemteremka mabegani.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Redio imesema, nyanya. Kuna hewa ya baridi inapanda kutoka kusini, na mbele yake patakuwa na radi na mvua kubwa, pwani yote. Jumamosi na Jumapili."

"Baridi?" nikadakia. "Likoni? Hiyo imepotea njia, ilikuwa ikenda Nairobi."

Mama akacheka. Yule msichana naye akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akanigeukia.

"Mwenzangu, nasema nilivyosikia. Tuzichume asumini kesho, zingali zimefumba, tuzitie kwenye kitambaa cha maji na jani la mgomba. Zitalala salama. Mvua ikizipiga hatupati hata moja."

"Tuzichume? Wewe na nani?"

Akatazama chini. "Nimekosea. Uzichume wewe."

"Asumini ya arusi huchumwa siku yake. Nyinyi huko ng'ambo labda mwachuma redio ikitaka."

"Mjukuu wangu," nyanya akaita.

"Abee."

"Ulimi huo urudishe ndani."

Msichana akaaga, akaenda zake. Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimwamini. Tangu asubuhi nilikuwa nimeona sisimizi wakihamisha mayai yao juu ya ukuta wa jiko, na chumvi ndani ya kifuu ilikuwa imetoa maji. Angekuja jirani mwingine yeyote na maneno yale yale, ningeshika kikapu palepale. Lakini nilishaiona Jumamosi yote kichwani: wanawake wanasifu koja, na mmoja anasema, lau si fulani na redio yake tungeaibika, na shoga yangu anamkumbatia. Nikaona bora mvua.

Ijumaa ikaja bila wingu hata la kusingizia. Jua lilikuwa kali hivi kwamba paka walilala chini ya vitanda vya watu. Alasiri nikachungulia kwenye tundu la ua, nikamwona yule wa redio na kikapu, anatoka nyumba hii anaingia ile. Kila mwenye kichaka cha asumini anampa konzi.

"Umeanza biashara?" nikamwuliza juu ya ua.

"Naomba."

"Na haya huoni?"

"Naona," akasema, akaendelea na nyumba ya pili.

Neno lile lilinikera kuliko kama angenitukana. Nikaenda nikasimama mbele ya mwasumini wetu. Vitumba vilikuwa vimenenepa, vyeupe, vinataka mkono tu. Nikachuma kimoja, nikakichomeka nyweleni. Vingine nikaviacha, na nikajisikia mtu mwenye msimamo.

Jumamosi asubuhi jua likatoka vile vile. Kisimani nilitamba mimi! Nikawaambia wenzangu wajifunike mablanketi, baridi ya redio imefika. Walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Yule wa redio alikuwapo, anateka maji yake.

Mara tu baada ya adhuhuri upepo ukakata. Kuku wakaingia ndani wenyewe. Nikatazama kusini, nikaona mbingu imekuwa rangi ya masizi kutoka juu mpaka chini, na inakuja. Ukapita upepo wa baridi, baridi kweli, nywele za mikono zikanisimama. Nikashika ungo, nikakimbia kwenye mwasumini. Sikuwahi hata kufunika sehemu ya chini ya ungo. Radi ilipiga kama imeangukia paa letu, mvua ikashuka kwa mkupuo mmoja, na mama akanivuta kwa kanga mpaka ndani.

Ilipopungua nikatoka. Mwasumini ulikuwa wa kijani mtupu. Vitumba vyote vilikuwa chini, vimezama topeni. Nikapiga magoti nikaviokota kimoja kimoja, nikaviosha kwenye sufuria, navyo vikageuka rangi ya chai mbele ya macho yangu.

Ndipo nilipomfikiria shoga yangu kwa mara ya kwanza wiki ile. Nasema kumfikiria yeye, siyo mimi na yeye. Amekaa ndani, nywele zimesukwa, hina imeshakolea, anasubiri. Shingo yake tupu. Watu watapita mmoja mmoja wamtazame, na atakuwa anauangalia mlango. Nikalia, mikono ikiwa na matope hata machozi siwezi kuyafuta.

"Hodi."

Yule wa redio alikuwa amejifunika gunia kichwani, miguu yote matope. Kwapani amekumbatia mzigo wa jani la mgomba. Akaingia, akaufungua juu ya mkeka. Ndani ya kitambaa cha maji zilikuwa asumini, nyeupe, zimefumba, rundo zima. Harufu ikajaa chumba.

"Mbona hukumpelekea mwenyewe?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa mbaya, naikumbuka.

"Sijui kutunga."

"Acha mzaha."

"Wallahi sijui. Kwetu tulikuwa tukinunua zimeshatungwa, mlangoni." Akalivua gunia kichwani. "Na hata ningejua. Hili ni lako. Siku aliyonipa ile kanga aliniita kwa jina lako."

Sindano ilikuwa tayari mkononi. Ikasimama hewani.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, maua yangu yako topeni, mwenzangu ameloa kwa ajili yangu, nami nimefurahi hadi masikio yakapata moto.

Nikatunga. Yeye alichagua vitumba, akanipa vilivyolingana, mimi nikapitisha uzi. Paa lilikuwa likivuja mahali pawili na tulihama na mkeka kila mara. Radi ikipiga alishtuka, na mimi nikijifanya sikushtuka. Kabla hatujamaliza vya mwanzo vilikuwa vimeanza kufunguka, kwa hivyo tukalipeleka koja mbiombio chini ya gunia lile lile, vichwa vimegusana.

Chumbani kwa bi arusi wanawake walikuwa wamebanana kwa sababu ya mvua. Nikamvika. Shoga yangu akafumba macho, akavuta harufu.

"Asumini ya nyanya," akasema. "Nilijua hutanitupa."

Yule wa redio alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Sikuona dalili kwamba atasema lolote. Ningeweza kulibeba neno lile likawa langu maisha yangu yote.

"Za nyanya zimekufa topeni, kwa ukaidi wangu," nikasema. "Hizi kaziomba yeye jana, nyumba hadi nyumba. Mie nimetunga tu."

Shoga yangu akafumbua macho. Akanyoosha mikono yake ya hina, akamvuta yule msichana na gunia lake lililoloa, akamkumbatia. Wanawake wakapiga kelele, "Wewe! Koja litapondeka!" Nami nikasimama pale nikaona wivu ule ule, haujapungua hata tone. Kisha mkono mmoja wa hina ukatoka nyuma ya gunia ukanitafuta, nikaushika.

Jumapili ilinyesha kutwa, kama ilivyosemwa. Jumatatu mumewe akamchukua Malindi. Alikwenda na vipande vyake vyote vya kanga, vile tulivyokatiana na kile chekundu. Huku Likoni tumebaki wawili na vipande visivyofanana.

Siku hizi napita njia ya mbele. Bendera mpya imeshapandishwa, barazani watu wanasikiliza hotuba, nasi tunasubiri ziishe. Tunakaa ndani, nyuma ya magunia ya mchele, mpaka isomwe habari ya hali ya hewa. Ikitajwa Mombasa tunaendelea kuzungumza. Ikitajwa Malindi tunanyamaza sote.

"Mvua," husema mwenzangu. "Ataloa."

"Ana mume. Amfunike."

Mwenzangu hufikiri kidogo. "Asimfunike sana," husema, na hapo hunipa kashata.