Nilivyogoma Kurudisha Ukoloni

Wasomaji, msinicheke kabla sijamaliza. Juzi mimi, fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, nilipata kibarua cha siku moja kwenye tamthilia ya televisheni inayoonyesha Waingereza wakitukabidhi uhuru wetu kule nyumbani. Bendera yao ikashushwa, yetu ikapanda, na Mama Neema, msusi wa Kikongo niliyekuja naye, akapiga vigelegele hadi nikatokwa na machozi ya kweli.

Ndipo mwongozaji akasema, "Sharp, safi sana, tunarudia. Pandisheni tena ile ya Malkia."

Tena? Damu ikanichemka. Nikakimbilia mlingoti, nikaikumbatia kamba.

"Mkoloni harudi hapa! Labda mnipige risasi!"

Mwongozaji akanisihi, wapi! Gavana mwenyewe akaja kunibembeleza, sandwichi mkononi. Nikamwambia apande meli aende kwao. Kisha nikaugeukia umati: "Ndugu zangu, njooni tuulinde uhuru!"

Hakusogea mtu. Mama Neema akanijia, akaninong'oneza kwa sauti waliyoisikia wote: "Eish, Papa Musa, ujiangalie kwanza."

Nikajiangalia. Kaptula ya kaki, rungu kiunoni, nembo ya taji la Malkia kifuani.

Nilikuwa askari wa gavana.