Miji Mitano ya Mama Zipu

Ukitaka kuijua pwani yote, watu walikuwa wakisema, nenda kwa Mama Zipu. Na kweli aliijua, miji yote mitano, kona kwa kona. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukiacha mji wa kwanza, ambao ndio wake, hakuwa amewahi kutia mguu katika hata mmoja kati ya hiyo minne.

Alikuwa fundi wa mabegi. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba ya wageni, kwenye kichochoro cha mji mkongwe. Kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, cherehani ya chuma upande huu, na upande ule ukuta mzima wa zipu zilizotundikwa kwa rangi zake. Wasafiri wa mabegi ya mgongoni, wale wanaoifuata pwani kwa miguu mji hadi mji, walilala hapo juu kabla ya kuondoka, na waliporudi wakafikia hapo hapo, mabegi yakiwa hoi. Kwa miaka thelathini na moja Mama Zipu aliyapima mabegi hayo kama daktari. Kitako kikiwa kimetoboka, mwenyewe ameliburuta kwenye ngazi za mawe za mji wa pili. Zipu ikiwa imeganda kwa mchanga mweupe, huyo amelala ufukweni mji wa tatu, tena karibu na maji. Mfuko wa nje ukiwa umechanwa kwa kucha, huyo kala mkate mbele ya nyani wa mji wa nne. Na vifungo vikiwa vimeliwa na kutu, basi huyo amefika mji wa tano, kwenye ngome, ambako chumvi haina huruma na chuma. Yaliyobaki walimsimulia wenyewe huku akishona.

Uongo wenyewe ulianza kidogo tu. Msafiri mmoja alimwuliza, "Mama, na wewe umeshafika huko?" Mama Zipu alikuwa ameng'ata sindano. Badala ya kuitoa aseme hapana, akaitikia kwa kichwa. Mwaka uliofuata ile safari ilikuwa imeshapata urefu, mvua, na viatu vilivyopasuka njiani. Alisema aliifanya enzi za usichana wake, kabla hajaolewa, kwa hiyo hapakuwa na shahidi wa kumkana. Ujanja alikuwa nao, tusimnyime haki yake.

Siku moja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliingia chumbani na begi jipya ambalo lebo ya dukani ilikuwa bado inaning'inia. Wifi huyu alikuwa karani wa shule, na kwa habari za watu alikuwa gazeti la mtaa, toleo la asubuhi na la jioni.

"Wifi, nimestaafu Ijumaa," alisema. "Jumatatu tunaondoka."

"Tunakwenda wapi?"

"Pwani nzima. Miji yote. Mimi na wewe, kwa miguu."

"Wifi, miguu yangu hii?"

"Si ndiyo hiyo hiyo iliyokupeleka? Nina mwenyeji ndani ya familia, nihangaike na wengine wa nini?"

Mama Zipu aliogopa, na aliogopa hasa. Wifi akigundua, mtaa ungejua kabla chai haijapoa, na kuanzia hapo wasafiri wangemjia kwa zipu tu, basi. Jina lake lote lilikuwa limesimama juu ya ile sindano aliyoing'ata. Lakini kukataa nako kungekuwa kukiri. Siku mbili nzima akaliimarisha begi la wifi: kila mshono mara mbili, na mwisho wa kila mshono vishono vitatu vya uzi mwekundu, alama yake ya siku zote. La kwake, ambalo mteja fulani alilisahau miaka mingi nyuma, hakuligusa. Alilijaza tu mpaka likakaribia kukohoa, yeye aliyewagombeza watu miaka thelathini na moja kwa kosa hilo hilo. Na sindano zake hukaa kifuani mwa aproni. Aproni ilibaki msumarini.

Njiani mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kumtisha. "Mbele kuna ngazi za mawe, begi usiliburute," alisema mji wa pili, na kweli ngazi zikatokea. Mji wa nne alimwambia wifi aufiche mkate, na kabla hajamaliza kusema nyani wakashuka ukutani. "Mwenyeji ni mwenyeji tu!" wifi alikuwa akisema. Alikwaa mara moja. Aliongoza kwa madaha hadi nyumba ya wageni yenye mlango wa kijani, ile inayosifiwa na kila mtu kwa vitanda vyake, wakakuta pameshakuwa duka la majeneza.

"Kila kitu kinabadilika," alisema Mama Zipu.

"Vitanda bado vipo," alisema wifi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kutoshangaa. Walipofika mji wa tatu, ufuo ukafunguka mbele yao mweupe mpaka macho yakauma. Moyo ulimruka Mama Zipu, akatamani kutupa viatu na kupiga kelele. Mchanga ule alikuwa ameukung'uta kutoka kwenye zipu za watu punje kwa punje, na kumbe ulikuwa mwingi namna ile! Akajikaza, akakunja mikono. "Umepungua kidogo," alisema.

Siku ya tisa, hatua chache kabla ya lango la ngome ya mji wa tano, mkanda wa begi lake ukakatika. Wifi akakiona kibanda cha fundi mbele ya lango, akamvuta mkono. Fundi alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imeshikwa na waya. Aliugeuza mkanda huku akiguna.

"Nani fundi wako? Mtu mwenye adabu haachi mkanda ufike hali hii."

Ndipo jicho la mzee likaangukia begi la wifi, kwenye mwisho wa mshono. Akauweka mkanda chini.

"Uzi mwekundu! Fundi huyu nakutana naye kwenye mabegi ya watu miaka ishirini. Anashona mpaka inakera. Kuufumua mshono wake mmoja navunja kucha mbili!"

"Ni mimi," alisema Mama Zipu, maana sifa zilimpanda kichwani kabla ya akili.

Mzee akainuka, akavua kofia. "Wewe? Miaka yote hiyo nikajua ni mwanamume mkorofi. Na hukuwahi kuja kututembelea?"

Safari hii hakuwa na sindano mdomoni. "Sijawahi, fundi. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

Neno likawa limetoka. Wifi aligeuka polepole.

"Mara ya kwanza hapa?"

"Popote, wifi. Nilidanganya. Nisamehe."

"Na zile ngazi? Na wale nyani?"

"Nimeambiwa na mabegi."

Wifi aliketi juu ya begi lake pwaa. "Siku tisa natembezwa na mtu asiyejua aendako!"

"Kwani tulipotea?"

"Na lile duka la majeneza?"

"Ukiacha lile."

Wifi alijaribu kukasirika, uso ukakataa. Kicheko kikamjia, akacheka mpaka mzee akamletea maji. "Nikienda kulisema hili mtaani," alisema akijifuta machozi, "itabidi niseme pia kwamba nilifuata. Basi, yaishe."

Mzee alikuwa ameinama, anauchokoa mkanda. "Mimi nami," alisema kwa sauti ndogo, "huwaambia watu nimefika kwenu. Huwaambia mnara wenu wa zamani una ngazi ya vidato mia na kumi na viwili. Ni kweli?"

Mama Zipu alimtazama wifi. Wifi aliitazama ngome. Walikuwa wamezeeka chini ya mnara ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuupanda, maana ule ulikuwa wa wageni.

"Nitakuletea jibu," alisema Mama Zipu.

Siku waliyorudi waliupanda kabla ya kufika nyumbani, mabegi yakiwa bado mgongoni. Wifi alihesabu kwa sauti, Mama Zipu kimoyomoyo, wakapishana kidato kimoja, ikabidi washuke na kuanza upya.

Wiki iliyofuata msafiri mmoja alileta mkanda uliolegea, yuko njiani kwenda pwani. Mama Zipu aliandika kwenye kipande cha kitambaa, "Mia na vitano. Acha kudanganya watu," akakishonea ndani ya pindo, mahali asipofika mtu ila fundi. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, alishona vibaya kwa makusudi. Alipiga hesabu ya ngazi, mchanga na nyani, akaacha uzi wa kutosha kufika langoni, basi. Vishono vitatu vyekundu mwishoni, na malipo akakataa.

"Ukikatika usihangaike," alimwambia msafiri. "Mbele ya lango la ngome kuna fundi. Namfahamu, nimefika mpaka kwake."