"Hold" Yangu Haikuwa na "Brakes"

Nililitambua lori lile kabla dereva wake hajajua kwamba halina breki. Ilikuwa Ijumaa mchana, mimi na fundi mwenzangu Yasini tunatoka kuswali, tunapanda mlima kurudi gereji hapa Kisenyi. Yasini alikuwa ananitania kwamba imamu amefupisha hotuba baada ya kusikia tumbo langu likinguruma. Lori likatokeza juu yetu, turubai la bluu, kioo cha pembeni kimefungwa kwa waya. Asubuhi ile ile mimi mwenyewe nilikuwa nimelizuia lisitoke. Nikamsukuma Yasini, au yeye ndiye alinisukuma, hata leo sijui. Lori lilimbana Yasini kwenye ukuta wa kando ya barabara, akafia pale. Mimi niliondoka na mguu mmoja.

Sasa nirudi nyuma, ili ninyi mnaoingia kazi hii mjue ilivyokuwa.

Niliacha shule darasa la nne. Siku yangu ya kwanza gereji, Fundi Mkuu Mzee Ramadhani, Mnubi kama mimi, hakuniuliza cheti. Alinipa ngoma ya gurudumu, lile bakuli la chuma ambalo breki inashika kwa ndani, akaniambia ninuse. Ikinuka kama kwato iliyoungua, linaing imekwisha, yaani ule utando mgumu unaosuguana na ngoma. Pedali ikizama kama unakanyaga matoke yaliyopondwa, kuna hewa kwenye mafuta ya breki, lazima itolewe. Kwa miaka mingi mimi na Yasini tulilala chini ya magari tukitoa hewa hiyo, mmoja anakanyaga, mmoja anafungua nati.

Baadaye Mzee akanihamishia ukaguzi, getini. Kila gari lilikuwa na kadi, na mwisho wa kadi pana nafasi ya maoni. Nikamwambia, Mzee, mimi Kiingereza sina. Akanifundisha maneno mawili tu. Gari zima, andika "OK". Gari bovu, andika "Hold".

"Kwa nini si 'Stop'?" nikamuuliza. Hilo nilikuwa nalijua kutoka barabarani.

"'Stop' ni ya dereva," akasema. "Dereva atabisha. 'Hold' ni ya gari. Umewahi kuona gari likibisha?"

Basi nikaandika hayo mawili mpaka Mzee akastaafu. Hakuna gari lililotoka likiwa na "Hold" yangu.

Akaja Meneja Sentongo, mtu wa tai, ambaye kila 'l' mdomoni mwake ni 'r', na sikumwona hata siku moja akishika ngoma. "Wewe mzee," alikuwa ananiambia mbele ya wateja, "rori za watu zinarara hapa siku tatu, unahordi nini? Unahordi mpaka chakura chetu." Watu wanacheka, na mimi nacheka. Kumbe nilikuwa nachekea kaburi la Yasini.

Ijumaa ile silinda kuu ya lori ilikuwa inavuja. Hiyo ndiyo inayosukuma mafuta kwenye magurudumu yote, ikifa, umekufa. Nikaandika "Hold", nikatia sahihi, nikapeleka kadi ofisini. Mwenye lori, mfanyabiashara wa vitunguu wa soko la Kalerwe, alikuwa amekaa na Meneja wanakunywa chai. Aliniangalia kama nimemwagia mchanga kikombeni. Sentongo akachukua kadi, akaniambia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, "Nenda uswari, mzee. Hii niachie."

Upole ule ndio ulipaswa kunishtua.

Hospitalini alikuja afande na kadi ndani ya nailoni, Sentongo nyuma yake. Kadi ilisomeka "Brakes hold".

"Afande, Kiingereza ni wazi," Sentongo akasema. "Breki zinashika. Ameandika fundi mwenyewe."

Afande akaniuliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu. Nikasema pia neno la pili ni langu na la kwanza silijui. Afande aliandika lile la sahihi tu.

Na Kiingereza chenyewe hakikumdanganya afande. Neno lile lile linalozuia gari lisitoke ndilo linalosema breki zake ni nzima. Mzee Ramadhani hakuniambia hilo. Sentongo alilijua.

Kisha ikaja barua kwamba mimi ni "suspended". Neno hilo nililifahamu: saspensheni, springi za lori. Nikadhani wamenihurumia kwa ajili ya mguu, wamenihamishia idara ya springi. Jumatatu nikaenda na magongo yangu, nikakaa kwenye benchi lao. Vijana wa springi walicheka, mpaka mmoja akaisoma barua, akainamisha kichwa. "Mzee, hii si springi. Wamekusimamisha kazi. Waliyemning'iniza ni wewe."

Sikuitwa tena. Huko ndiko kustaafu kwangu.

Siku hizi nakaa nyumbani na kumshuku kila mtu. Okello, mlinzi wa geti, alisoma kadi ile kabla ya kulifungulia lori; nikimuuliza, anatazama viatu vyake. Idi iliyopita nilikwenda kumsalimu Zaituni, mjane wa Yasini. Hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni, akaniuliza polepole, "Shemeji, ni kweli uliandika kwamba breki zinashika?"

Nijibu nini? Kadi zangu zote ziko stoo ya gereji ile, miaka na miaka. Zitolewe, zisomwe hadharani. Mtakuta "OK" na "Hold", basi. "Brakes" mimi siwezi hata kuliandika; ningelijaribu ningeandika "breki", kama linavyotamkwa.

Sentongo, kadi ilikuwa mkononi mwako nilipokwenda kuswali. Neno la kwanza nani aliliandika? Usinijibu mimi. Nenda kamjibu Zaituni, usimame mlangoni pake kwa miguu yako miwili.