Kiulizo Nilichokifuta

Nakumbuka asubuhi moja ya mwanzo wa kiangazi, ambacho kwetu ni majira ya baridi, ubaridi ukiwa bado umeganda sakafuni, nimesimama nyuma ya meza yangu katika kabine, yaani zahanati ya daktari, kule mtaa wa Bel-Air. Nasema nimesimama, mwanangu, kwa sababu miaka ile sikujua kukaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kila kitu nilitaka kiishe kabla sijakianza. Hata chai niliinywa nikitembea.

Kazi yangu ilikuwa hii. Mfanyakazi wa kampuni alikuja na boni yake, karatasi ya kampuni ya kumruhusu kutibiwa, dokta akampima na kuandika kwenye fishi, yaani jalada la mgonjwa. Mimi nilichukua ile fishi, nikatafuta ugonjwa katika kitabu kinene ambacho kila ugonjwa una alama yake, herufi moja na tarakimu kadhaa. Sisi tuliiita kode. Nikishaipata, niliijaza kwenye fomu ya asiransi, yaani bima, ili wao walipie matibabu. Kama kode haikupatana na vipimo vilivyofanywa, fomu ilirudi. Zilizorudi niliziweka katika katoni chini ya meza, na kila Jumatatu dokta aliniuliza habari za ile katoni kabla hata ya kunisalimu.

Basi asubuhi hiyo akaja Papa Kabwe. Alikuwa shofere wa kamyo, dereva wa lori, mtu wa mtaa wa Kamalondo, mpole, mwenye mikono mikubwa, aliyezoea njia ya mpakani Mokambo kama wewe unavyozoea njia ya kwenda sokoni. Mara hiyo alikuwa amekaa mpakani siku mbili kwenye foleni ya magari, hajala vizuri, hajalala. Aliposhuka kunyoosha miguu, akaanguka. Wenzake walisema mkono wake ulitetemeka kidogo akiwa chini. Dokta alimpima kwa muda mrefu, kisha akaandika neno moja: kuzimia. Chini yake akaandika jingine: kifafa. Na mbele ya kifafa akachora kiulizo, ile alama ya kuuliza, kikubwa, kwa kalamu iliyokandamizwa. Akamtuma kupimwa ubongo.

Nilijaza fomu nikaweka kuzimia. Ikarudi. Asiransi walisema mtu aliyezimia tu hahitaji kipimo kikubwa namna hiyo. Nikaitazama katoni, nikafungua kitabu, nikatafuta kifafa. Kifafa kina kode yake, lakini kitabu hakina kode ya kiulizo. Niliandika kode ya kifafa peke yake. Haikunichukua hata dakika tano.

Fomu ilikubaliwa. Jumatatu dokta akaniambia, "Leo umefanya kazi." Nilitembea siku nzima kama niliyevishwa taji.

Majibu ya kipimo yalikuja baadaye, safi kabisa. Dokta alimwita Papa Kabwe akamwambia hana kitu, ale vizuri, alale vizuri. Mimi niliyapachika yale majibu ndani ya fishi nikaifunga. Hakuna aliyeniomba niyapeleke asiransi, na mimi sikujiuliza.

Miezi ikapita. Siku moja mlango ukafunguliwa, Papa Kabwe akaingia kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Hakuomba kumwona dokta. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, akaweka karatasi iliyokunjwakunjwa.

"Mama, njo weye unaandikaka makaratasi ya asiransi?"

"Njo miye, papa."

"Basi unisomee hii. Kampuni imenitosha mu kamyo, siendeshe tena. Banasema niko na kifafa. Dokta aliniambia sina kitu. Sasa nani anasema bongo, nani ananidanganya, dokta ao karatasi?"

Nilijua kabla sijaisoma. Ile kode yangu ilikuwa imetoka asiransi ikafika kwa daktari wa kampuni, na mkuu wa gereji alikuwa ameitaja mbele ya mashofere wenzake. Siku hiyohiyo habari ilikuwa imeshafika mtaani. Mwanangu, unajua watu wanavyoliogopa lile neno. Wapo wanaodhani kifafa kinaambukiza kwa mate, wapo wanaosema ni laana ya ukoo. Si kweli, lakini aliyeshikwa na neno hilo hana muda wa kuwafundisha watu.

Nikamwambia nini? Nikamwambia, "Pengine ni kosa la kule asiransi, papa. Nitaangalia." Naye akanishukuru. Aliinama kidogo, akavaa kofia yake, akatoka. Kufuta kiulizo kulikuwa haraka ya ujana, lakini uongo ule niliusema nikiwa nimemtazama mtu usoni.

Siku tatu sikutulia. Nilipanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Nilifagia biro, yaani ofisi, mara mbili asubuhi. Mgonjwa akiniita, nilishtuka.

Katika kabine alikuwepo muuguzi mmoja mtu mzima, Yaya Feza, tuliyemwita hivyo kama dada mkubwa, mwanamke wa familia iliyotoka Maniema, mwenye kilemba cheupe na sauti ya chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya tatu alinishika mkono uliokuwa na ufagio.

"Umefanya nini?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama palepale. Akaniagiza nilete fishi. Aliifungua, akaweka kidole juu ya kile kiulizo, akakiacha hapo.

"Hii alama, dokta aliiandika sababu alijua kama yeye hajuwe. Weye ulijulia wapi?"

Machozi yalinitoka, na yeye hakuyabembeleza.

"Uende kwake," akasema. "Usitume karatasi mbele. Karatasi njo ilileta hii maneno."

Nilishuka Kamalondo mchana ule kwa miguu, maana nisingeweza kukaa ndani ya gari. Nilipita katikati ya mafundi na cherehani zao vibarazani, nikiuliza njia. Papa Kabwe nilimkuta uani kwake, ameketi kwenye kiti peke yake, mbali na mbabula, jiko la makaa ambalo binti yake Tereza alikuwa akipikia. Nilikataa kiti. Nilisema, "Papa, si asiransi. Ni mimi." Nikamweleza kiulizo, fomu, majibu safi yaliyolala ndani ya fishi, na uongo niliomwambia.

Nilingoja anifukuze. Yeye aliuliza tu, "Kwa hiyo sina?"

"Hauna, papa. Haukuwaka nayo hata siku moja."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akafunika uso wake kwa ile mikono mikubwa.

Tereza ndiye aliyeinuka. Alikuwa ameposwa, nami sikujua. Wazee wa upande wa mume walikuwa wamekuja kusema kwamba hawataendelea, kwamba hawawezi kuingiza damu ile katika ukoo wao. Lakini hilo hakulisema kwanza.

"Mama, unajua nini inaniuma?" alisema, mwiko bado mkononi. "Baba habebi tena mutoto wa yaya yangu, mujukuu wake. Anasema ataanguka naye. Hakaribii moto. Akienda kuoga, anaacha mulango wazi. Hata ye mwenyewe aliamini. Mulimuandika, na ye akaamini."

Mwanangu, nimezeeka na maneno hayo. Nimesikia watu wakitukanwa, mimi mwenyewe nimetukanwa, lakini hakuna lililonikaa kama hilo.

Nilirudi nikamwambia dokta. Alipandisha sauti mpaka wagonjwa wakanyamaza ukumbini. Kisha akaketi. Mwisho akasema, "Na mimi kila Jumatatu nilikuwa naulizia katoni." Aliandika barua kwa mkono wake, akatia sahihi, akaambatanisha majibu ya kipimo. Mimi niliipeleka. Kule asiransi nilirushwa kutoka dirisha hili hadi lile. Mmoja alisema kode ikishaingia haitoki. Nilirudi kesho yake, na wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Kuandika kulikuwa dakika tano. Kufuta kulikula kiangazi chote kilichobaki.

Mvua zilipoanza, Papa Kabwe alirudishiwa kamyo yake. Wazee wa upande wa mume nao wakasikia, wakatuma mtu kusema mazungumzo yaendelee. Tereza akakataa. "Bantu benye banaogopa karatasi," aliwajibu, "kesho bataogopa nini tena?" Aliolewa baadaye na mtu mwingine, harusi nzuri kanisani, nasikia. Sikualikwa, na sikuona ajabu.

Katika kabine tulibadilisha kazi. Yaya Feza alinikalisha chini, akanisomesha kile kitabu kinene ukurasa kwa ukurasa, na nikakuta ndani yake sura nzima ya dalili ambazo bado hazina jina la ugonjwa: kuzimia, homa isiyojulikana chanzo, maumivu ya kifua. Zilikuwemo siku zote. Mimi nilikuwa nimechomoa kuzimia tu, na kwa haraka zangu sikuwahi kuisoma sura yote. Tukakubaliana kwamba dokta ataandika wazi alichokiona, kando na anachokishuku. Kipimo kikubwa kikihitajika, tuliambatanisha maelezo mafupi ya sababu yake, na majibu yakija tuliyapeleka asiransi, hata kama hakuna aliyeyaomba. Polepole fomu zilizorudi zikapungua. Sitakudanganya kwamba ziliisha.

Leo wewe unaanza kazi hiyohiyo, na una kompyuta. Ukiandika herufi tatu inakumwagia magonjwa kumi uchague, na mtu nyuma yako anakuambia fanya haraka. Nakujua, umechukua miguu yangu, nawe hukai. Basi nisikilize. Usiandike zaidi ya alichojua daktari. Akishuku, andika kilichoonekana, na shaka iache iwe shaka. Usiposoma mwandiko wake, inuka ukamuulize, hata akikukunjia uso. Fomu ikirudi, eleza kwa nini kipimo kilihitajika, usibadilishe ugonjwa wa mtu ili karatasi ipite. Jina la ugonjwa usilitaje mbele ya asiyehusika. Na siku utakapokosea, maana utakosea, nenda kwa mwenyewe kwa miguu yako ukamwambie, "Ni mimi." Nenda siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa siku tatu, na katika siku hizo baba wa watu alikaa mbali na moto wa nyumbani kwake.

Mungu akutulize mkono, mwanangu. Akupe ujasiri wa kuandika kwamba bado hatujui. Na kila atakayepita mezani kwako arudi nyumbani na ugonjwa wake mwenyewe tu, bila wewe kumwongezea mwingine.